Maradhi Yanayotibiwa Kisimani

Msafiri anayetoka Arusha mjini kuelekea Moshi hupita Tengeru, kisha Usa River, na muda si mrefu hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na mto unaoteremka kutoka Mlima Meru, ambao maji yake yana wekundu hafifu mfano wa chai iliyotiwa majani machache. Mgeni huyatazama maji hayo na kuyatilia shaka kwa sababu ya rangi yake. Shaka yake ni ya haki, ila ameielekeza pasipo. Kitu kinachowadhuru watu katika maji ya sehemu hizi hakina rangi, hakina ladha, wala hakina harufu. Maji ya chemchemi yanayong'aa kama kioo yaweza kuwa nacho kwa wingi kuliko maji ya mto yenye rangi. Kitu hicho ni floraidi, na maradhi yanayoletwa nacho huitwa florosisi.

Mwalimu anayepangiwa kufundisha katika shule za Arumeru huyaona maradhi hayo siku ya kwanza aingiapo darasani. Wapo wanafunzi wenye meno ya manjano, wapo wenye meno ya kahawia, na wapo ambao enameli yao imemomonyoka. Baadhi yao hufunika mdomo kwa kiganja wanapocheka. Wakienda masomoni au kutafuta kazi katika mikoa ya mbali, hudhaniwa kuwa ni wavuta sigara au watu wasiojua mswaki. Vijijini, hasa katika nchi za chini zilizo kame, hukutana mtu na watoto wenye matege makubwa, na wazee ambao shingo zao hazigeuki ila kwa kugeuza mwili mzima.

Makala haya yanakusudia kutetea jambo moja. Sayansi imekwisha kuyajibu maswali makuu juu ya ugonjwa huu, na majibu yake yanaonyesha kuwa tiba haimo hospitalini. Tiba imo kisimani, bombani na jikoni. Kwa hiyo jamii ya Meru, pamoja na serikali na watafiti, inapaswa kuacha kuhesabu miradi iliyozinduliwa, na kuanza kuhesabu watoto waliofikia umri wa miaka 8 wakiwa na meno meupe na miguu iliyonyooka.

Jino na mfupa

Jino la kudumu huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto angali mchanga. Ukiacha magego ya mwisho, enameli ya meno yote ya kudumu huwa imekamilika mtoto anapokaribia miaka 8. Floraidi ikizidi mwilini katika muda huo, kazi ya kujenga enameli huharibika, na chini ya uso wake hubaki vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino likichomoza huwa na weupe wa chaki. Baadaye rangi za vyakula na vinywaji hupenya katika vitundu hivyo, na jino hugeuka kuwa la manjano, kisha la kahawia, na mara nyingine hukaribia weusi. Kwa kuwa doa limo ndani ya jino, hakuna mswaki utakaoliondoa. Aidha, mtu aliyehamia Meru akiwa na umri wa miaka 20 hawezi kupata meno ya kahawia, hata akiyanywa maji yale yale maisha yake yote.

Mfupa una habari nyingine. Mwili hutoa sehemu ya floraidi kwa njia ya mkojo. Ile inayosalia, kiasi cha asilimia 99, huwekwa katika mifupa na meno. Mtoto huhifadhi sehemu kubwa zaidi kuliko mtu mzima, maana mifupa yake ingali inakua. Miaka inapopita, mfupa huongezeka uzito pasipo kuongezeka uimara, na kano zinazounganisha mifupa huanza kugeuka kuwa mfupa. Mgongo hukakamaa, viungo huuma, na mtu aliyekuwa mkulima hodari hushindwa kuinama na kushika jembe. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado laini, miguu huweza kupinda. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai, jirani na nchi ya Meru, kuhusu watoto wenye mifupa iliyopinda kwa florosisi. Jambo hili basi haliwahusu wazee peke yao.

Tiba yake ni ipi? Mgonjwa wa saratani wa Arusha, pamoja na shida zote za nauli na gharama, anayo njia ya kufuata. Ataanzia zahanati, apelekwe hospitali ya mkoa ya Mount Meru, na pengine afike KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kadiri anavyowahi kufika, ndivyo matumaini yake yanavyozidi. Mgonjwa wa florosisi ya mifupa hana njia ya namna hiyo, kwa maana hakuna dawa inayojulikana ya kuiondoa floraidi mifupani na kuurudisha mfupa katika hali yake ya kwanza. Hospitali huweza kupunguza maumivu. Madaktari wa upasuaji huweza kuukata mfupa uliopinda, kuunyoosha na kuufunga plasta. Mjini Arusha ipo nyumba iitwayo The Plaster House, iliyoanza mwaka 2008, ambamo watoto waliofanyiwa upasuaji hulelewa hadi wapone, na miongoni mwao wamo wenye miguu iliyopindishwa na florosisi. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa. Hata hivyo, mtoto huyo akiisha kufunguliwa plasta hurudi nyumbani, na mifupa yake huendelea kukua kwa maji yatokayo katika kisima kile kile. Kama kisima hakikubadilika, daktari atakuwa amenyoosha mti ambao upepo wake haujakoma.

Hapa inafaa kuondoa hofu isiyo na msingi. Wapo wanaosema kuwa maji ya Meru huleta kila ugonjwa, hata saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilipima ushahidi uliokuwapo mwaka 1987, likaiweka floraidi ya maji ya kunywa katika kundi la vitu ambavyo havikuweza kuthibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu. Madhara yaliyothibitishwa katika meno na mifupa yanatosha kabisa kumfanya mtu achukue hatua. Kuyaongezea vitisho ni kuwafundisha wananchi kutoiamini sayansi hata inaposema kweli.

Kwa nini Meru

Mlima Meru, wenye kimo cha meta 4,566, ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba yake, kama miamba mingi ya Bonde la Ufa, ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na ndani yake imo floraidi. Mvua inyeshapo juu ya mlima huwa karibu haina floraidi kabisa. Maji yanapopenya ardhini na kukaa kwa muda mrefu katika miamba na majivu ya volkano, huyeyusha floraidi na kutoka nayo.

Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kulieleza jambo hili kwa kanuni aliyojifunza darasani. Kalsiamu na floraidi zikikutana hufanya chumvi isiyopenda kuyeyuka, ambayo hujitenga na maji. Maji yenye kalsiamu miligramu 40 katika lita huweza kubeba floraidi takriban miligramu 4 tu kabla chumvi hiyo haijaanza kujitenga. Kalsiamu ikipungua hadi miligramu 4, maji hayo huweza kubeba floraidi takriban miligramu 12. Kwa hiyo ukosefu wa kalsiamu katika miamba ya Meru huiachia floraidi mlango wazi. Maji yakikusanyika katika ziwa lisilo na njia ya kutokea, kama yalivyo baadhi ya maziwa ya Momela, jua huyakausha na floraidi huzidi kukolea. Mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya kaskazini mwa Tanzania: mito ilikuwa na miligramu 12 hadi 76 katika lita, chemchemi 15 hadi 63, na mabwawa na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Msomaji na alinganishe tarakimu hizo na kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1984, ambacho ni miligramu 1.5.

Magadi yanayookotwa juu ya ardhi katika sehemu kame yamepitia njia hiyo hiyo ya kukauka, nayo mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Mama anayetia magadi katika makande au maharage ili yaive upesi na kuokoa kuni huongeza kipimo cha floraidi bila kukusudia. Nako kuchemsha maji, ambako walimu wamekusisitiza kwa haki kwa sababu huua vijidudu, hakuondoi floraidi. Mvuke huondoka, floraidi hubaki sufuriani, na maji yaliyopungua huwa makali zaidi kuliko yalivyotoka mtoni.

Yaliyokwisha kujulikana

Ujuzi huu haukuja kwa siku moja. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika katika mji wa Colorado Springs huko Marekani, akaona wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza alumini, alipima maji ya mji mwingine wenye meno kama hayo, akakuta floraidi. Baadaye Trendley Dean alionyesha upande wa pili wa jambo hilo, yaani kwamba kiasi kidogo, karibu miligramu 1 katika lita, huyakinga meno yasioze bila kuyatia doa kubwa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kutia floraidi katika maji yake kwa makusudi. Kwa hiyo kitu ambacho Meru inahangaika kukiondoa, miji mingine hulipa fedha kukiongeza. Tofauti ya dawa na sumu imo katika kipimo.

Tanganyika nayo haikuchelewa sana. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha taarifa ya florosisi katika iliyokuwa Northern Region ya Tanganyika, na mwaka 1967 wakachapisha nyingine juu ya madhara ya floraidi iliyozidi. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1960, mtu yeyote aliyetaka kujua chanzo cha matege na migongo iliyokakamaa angeweza kukijua. Tangu wakati huo watafiti wengi wamefika Meru, wakapima maji, wakatazama meno ya watoto, wakaandika. Maandishi yao ni mengi na yenye manufaa. Lakini mwananchi wa Ngarenanyuki aliyefungua kinywa chake ili kitazamwe mwaka huo, na mjukuu wake anayefungua kinywa leo, wana haki ya kuuliza kilichofuata baada ya kutazamwa.

Neno "muda"

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1971. Mwaka huo taifa lilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi apate maji karibu na nyumbani kwake kabla ya mwaka 1991. Mwaka 1974 vikawekwa viwango vya muda vya maji ya kunywa, na kiwango cha juu cha floraidi kwa maji ya vijijini kikawa miligramu 8 katika lita. Waliokiweka hawakuwa wajinga. Walijua kwamba, wakishika kiwango kikali, vyanzo vingi katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga vingefungwa, na wananchi wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara. Kuhara huua mtoto kwa siku chache, na florosisi humlemaza kwa miaka mingi. Kati ya mabaya mawili, walichagua lile lililo mbali.

Uchaguzi ule unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kuwa neno "muda" halikuwekewa tarehe ya mwisho. Kiwango hicho baadaye kilishushwa hadi miligramu 4, na ni mwishoni mwa miaka ya 2010 tu ndipo Tanzania ilipofikia 1.5. Kati ya mwanzo na mwisho ilipita miaka zaidi ya 40. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1974 alikwisha kuota meno, kuoa, kuzaa, na huenda kupata mjukuu, na vizazi hivyo vyote viliota meno chini ya kibali cha muda. Somo lake ni pana kuliko floraidi. Katika elimu ya afya, kila ruhusa inayotolewa kwa sababu ya umaskini wa leo ingefaa iandikwe pamoja na mwaka ambao itakoma, na jina la ofisi itakayowajibika ikiwa haikukoma.

Hata sasa wapo wanaosema kwamba kiwango cha 1.5 ni anasa ya matajiri. Wanasema mama anayetembea saa mbili kutafuta ndoo ya maji hana haja ya kuulizwa habari za miligramu. Hoja hii ina uzito, nayo yahitaji jibu la hesabu. Familia ya watu 6 ikitumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku huhitaji lita 120, yaani ndoo 6 kubwa. Sehemu kubwa ya maji hayo ni ya kufua, kuoga na kusafisha vyombo, na floraidi iliyomo hapo haimdhuru mtu. Maji yanayoingia tumboni, ya kunywa na kupikia, tukikadiria lita 5 kwa kila mtu, ni lita 30 tu, yaani ndoo moja na nusu. Kwa hiyo hakuna haja ya kufunga vyanzo vyote, wala kusafisha kila tone. Yatosha kuitenga ndoo moja na nusu na kuipatia maji salama. Anayelinganisha wingi wa maji na usafi wake kana kwamba ni lazima kimoja kishinde kingine ameipima ndoo isiyohusika.

Njia zipo

Ndoo hiyo moja na nusu inaweza kupatikana kwa njia mbalimbali. Ya kwanza ni mvua. Paa la bati na tangi safi humpa mtu maji yasiyo na floraidi, na kwa shule yenye mapaa makubwa hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ya pili ni kuchanganya maji makali na maji hafifu kwa kipimo kinachojulikana. Ya tatu ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa kuwa chembe. Madini ya fosfati ya kalsiamu yaliyomo humo huivuta floraidi kutoka katika maji, kama vile mifupa ya mwanadamu inavyoivuta. Mifupa ikichomwa kupita kiasi hupoteza nguvu hiyo, na isipochomwa vya kutosha huyaachia maji harufu mbaya. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto kimefanya kazi juu ya njia hii, na huko Nakuru, Kenya, mpango wa maji wa Jimbo Katoliki ulifuata njia hiyo hiyo. Kutoka India ilikuja njia ya shabu na chokaa, inayojulikana kwa jina la Nalgonda. Katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, mhandisi Askwar Hilonga alibuni chujio linalounganisha mchanga na vitu vyenye chembe ndogo mno, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa maji na usafi wa Jiji la Arusha, ambao madhumuni yake yalikuwa pia kupata maji yenye floraidi kidogo.

Njia hizo zote zina udhaifu mmoja wa pamoja, nao ndio kiini cha kazi iliyobaki. Mkaa wa mifupa huchoka. Chujio hujaa. Tangi la mvua hukauka mwezi wa Septemba. Na kwa kuwa floraidi haina ladha, siku chujio linapokufa hakuna kinywa kitakachojua. Familia itaendelea kunywa kwa imani huku ikinywa maji yale yale ya zamani. Kwa hiyo chujio bila kipimo ni kama saa isiyo na mishale. Anayegawa machujio vijijini bila kupanga nani atakayepima na nani atakayebadilisha mkaa amegawa vyombo vya plastiki.

Jino lina kalenda yake

Kutokana na hayo, mambo matatu yanastahili kudaiwa.

La kwanza ni kwamba kila chanzo cha maji ya kunywa katika nchi ya Meru kipimwe, na tarakimu yake iandikwe pale pale bombani kwa rangi, pamoja na tarehe ya kupimwa. Vipimo vilivyofungiwa kabatini havimsaidii mama mwenye ndoo. Mamlaka ya maji ya Arusha mjini na wakala wa maji vijijini, RUWASA, iliyoundwa mwaka 2019, ndio wanaofaa kuibeba kazi hii.

La pili ni kwamba ulinzi wa mtoto uanzie kliniki. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji makali. Kwa hiyo kumnyonyesha mtoto pasipo kumpa kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza ni kinga isiyogharimu kitu. Hatari huanza siku ya uji wa kwanza, unaopikwa kwa maji ya kisima. Siku hiyo ndiyo ambayo mama angepaswa kujua ndoo ipi ni ya uji, kama anavyojua tarehe za chanjo. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mfupa wa mtoto hukunjwa au kunyooshwa katika miaka hiyo hiyo michache.

La tatu linawahusu watafiti na wafadhili wao. Miradi mingi ya utafiti na ya maji huishi miaka 3, pengine 5. Jino la mbele la kudumu huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8. Maana yake ni kwamba mradi huzinduliwa, hukaguliwa, husifiwa na kufungwa kabla jino la mtoto wa kwanza aliyezaliwa katika mradi huo halijaonekana. Taarifa ya mwisho huandikwa kwa kuhesabu mabomba, kwa sababu meno bado yamo ufizini. Utafiti utakaostahili jina hilo ni ule utakaomngoja mtoto. Uandikishe watoto wanaozaliwa mwaka ambao maji mapya yamefika, urudi baada ya miaka 8, uyatazame meno yao, na utangaze matokeo kijijini kabla ya kuyatangaza ng'ambo.

Shule za sekondari zinaweza kuanza bila kungoja mtu. Darasa la jiografia lichore ramani ya visima, mito na mabomba ya kata. Darasa la kemia lihesabu kiasi cha floraidi anachopata mtoto anayekunywa lita 1 kwa siku kutoka kila chanzo ambacho tarakimu yake imepatikana. Darasa la hisabati likadirie ukubwa wa tangi linalohitajiwa na shule kwa kuzingatia mvua na eneo la paa. Shule za bweni zichunguze maji ya jikoni na magadi yanayotiwa katika maharage. Neno moja la tahadhari linahitajika. Meno ya wanafunzi yasifanywe kuwa kielelezo cha somo mbele ya wenzao. Mwalimu mwenye busara ataanza kwa kueleza kuwa doa lile halikuletwa na uchafu, bali ni kumbukumbu ya maji ambayo mtoto hakuyachagua.

Wameru wanayo historia ya kudai haki yao kwa ushahidi. Mwaka 1952, baada ya kuondolewa katika ardhi ya Engare Nanyuki, walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa huko New York akaeleze kesi yao. Kesi ya maji haihitaji safari ndefu kama ile. Inahitaji tarakimu iliyoandikwa juu ya bomba, na mwananchi anayejua maana yake, ili akiona imepanda aende ofisini kuuliza.

Watoto wanaozaliwa mwaka huu katika Maji ya Chai, Leguruki na Ngarenanyuki wataota meno yao ya kudumu baada ya miaka 6 au 7. Enameli ya meno hayo imeanza kujengwa sasa.